Bibi wa Chuma na Mzigo wa Majani

"Shemeji, umeniharibia kipindi kizima kwa ajili ya ng'ombe!"

Sirili alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, maiki mkononi, waya wake unaburuzika kwenye matope. Mimi nilikuwa chini ya ng'ombe, nakamua. Hata pole ya kazi hakunipa.

"Kama kipindi chako kinaharibiwa na ng'ombe, basi hakikuwa kipindi," nikamwambia. "Na utoke hapo mlangoni, unanizibia mwanga."

"Nimerekodi nusu saa bila kukosea. Nusu saa, Mama Given! Nimefika pale bibi anapomkimbiza mwanawe, nanyamaza kidogo nivute pumzi, nasikia sauti yako huko nyuma: 'Simama! Simama nimesema! Unakwenda wapi na mimi sijamaliza na wewe!' Imeingia yote, haikubaki hata herufi. Kesho flashi zinapanda gari la Tarakea. Watu wataniuliza, kwenye mwezi kuna ng'ombe?"

"Waambie wapo. Nani amekwenda kuangalia?"

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa, akazunguka na waya wake akaondoka. Ng'ombe naye, huyo Madamu, akainua mguu akapiga ndoo. Siku hiyo nilipoteza maziwa na yeye akapoteza nusu saa, na kila mmoja akaona kwamba hasara yake ndiyo kubwa.

Nimeanza na ugomvi huo kwa sababu ndivyo mimi na Sirili tulivyoishi miaka kumi na minane, na kwa sababu ndipo deni lilipozaliwa. Watu wengi wasio wa kwetu Uru walimjua kwa sauti tu. Tulipomzika mwaka juzi, mwezi wa tano, mvua ikinyesha mpaka kaburi likawa linachotwa maji kwa ndoo, wapo waliokuja kutoka Tarakea ambao hawakuwahi kumwona sura. Walisimama chini ya migomba wakiulizana, huyu kwenye picha ndiye yule mtu wa katuni? Walikuwa wakidhani ni mnene. Alikuwa mwembamba kama fito.

Mimi nimeolewa na kaka yake, Leonce, ambaye yuko kiwanda cha sukari huko chini tambarare na huja nyumbani mwisho wa mwezi na nguo chafu. Sirili alikuwa kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na ndiye anayebaki na mama. Wakubwa wakagawiwa kule kwingine, sisi tukapata kipande cha chini cha kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa mama mkwe, Mama Leonia, ni hatua arobaini kupita kwenye migomba. Nimezihesabu nikiwa nimebeba mtori wake wa asubuhi.

Sirili alisoma mpaka la saba kama mimi. Hakufaulu, kama mimi. Akaenda mlimani akawa mpagazi, akabeba mizigo ya wageni kichwani, mahema na viti, na choo cha plastiki mara moja, jambo aliloniomba nisimwambie mtu, kwa hiyo sikuwaambia wengi. Miaka tisa. Kisha goti likagoma. Akashuka na goti bovu, na maneno ya Kiingereza yasiyozidi ishirini, mengi yake yakiwa ya kuamkia na kuomba maji. Alioa mara moja. Mke alikaa mwaka na nusu akarudi kwao, akasema mume anaongea na televisheni kuliko anavyoongea naye. Sikumlaumu yule mwanamke. Nami nilikuwa nikisikia.

Maana hiyo ndiyo kazi aliyoipata: kutafsiri filamu. Anachukua filamu ya ng'ambo, anapunguza sauti zao, anaweka yake. Watu wa vijijini wananunua kwenye flashi, wanaangalia nyumbani, wanaelewa. Ila Sirili hakuwa na Kiingereza cha kutafsiri hata kopo la maziwa. Nilimuuliza siku moja, unajuaje wanasema nini?

"Shemeji, watu wakigombana jikoni, unahitaji kamusi?"

Basi alikuwa anatunga. Na katika vyote alivyovitunga, kilichomtoa kilikuwa katuni moja ya familia ya miaka ijayo, sijui mwaka elfu mbili na mia ngapi. Wanaishi mwezini, kwenye nyumba yenye miguu inayohama yenyewe wakikosana na majirani. Baba kazi yake ni kupangusa vumbi kwenye nyota. Yupo mama, wapo watoto watatu, na yupo bibi. Bibi wao wa kweli walimwacha duniani, wakanunua mwingine dukani, wa chuma, ana magurudumu. Waliomtengeneza walimpa jina lao. Sirili akamwita Bibi wa Chuma, na baba akamwita Bwana Temu, jina la kwetu. Nyumba yenye miguu akaiambia ipite kwa adabu mbele ya kanisa. Watu walikufa kwa kicheko. Wapo waliosadiki kabisa kwamba ile familia asili yake ni Uru.

Sasa ile sauti yangu. Hakupata muda wa kurekodi upya, flashi zikaenda Tarakea hivyo hivyo. Na kumbe kwenye picha, pale niliposikika, Bibi wa Chuma alikuwa amefungua mdomo anamkimbiza Bwana Temu juu ya kitanda kinachoruka. Maneno yangu yakaingia mdomoni mwake kana kwamba alizaliwa nayo. Wiki mbili baadaye niko sokoni Moshi mjini na maparachichi yangu, dada mmoja anayeuza dagaa akamwambia mteja aliyeondoka bila kununua: "Simama nimesema! Unakwenda wapi na mimi sijamaliza na wewe!" Soko zima likacheka.

Nilipanda nyumbani nikiwa nawaka. Sikwenda kwa Sirili, nilikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

Mama Leonia presha ya macho ilikuwa imemaliza macho yake yote mawili zamani. Alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko, anachambua maharage kwa vidole, na hakuna jiwe lililompita. Zile katuni alizijua kwa sauti ya mwanawe tu. Kila Jumapili baada ya misa Sirili alimwekea, na yeye akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Bibi wa Chuma alikuwa rafiki yake. Alikuwa akimsema kama mtu wa jumuiya yetu: "Yule naye anajitesa, wale watoto wana miguu yao."

Nikamwamkia, nikamweleza. Akamwita Sirili.

"Ile sauti ni ya nani?"

"Ya Mama Given, Mae."

"Ulimwomba?"

"Mae, ilijiingiza yenyewe!"

"Na wewe ukaipeleka Tarakea." Akachambua maharage kidogo. "Utamletea shemeji yako mzigo mmoja wa majani ya ng'ombe. Mzigo mzima. Kwa kichwa chako, mchana, watu wakiona."

Sirili akashika kichwa kama mzigo umekwisha kukaa. Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa. Majani ya ng'ombe ni kazi ya wanawake. Mwanamume akiyaleta kwa bodaboda, sawa, ni mtu wa maendeleo. Lakini kichwani, apite nayo mbele ya duka na mbele ya wanaokunywa mbege, ataulizwa mke wake yuko wapi. Na Sirili alikuwa mtu ambaye kweli mke wake hakuwapo.

"Nitaleta kesho," akasema.

Kesho hiyo ilichukua miaka mitatu. Kila Krismasi, ndugu wakishapanda kutoka Dar na mbuzi akishachinjwa, Mama Leonia aliuliza mbele ya wote: "Sirili, majani?" Wote wanacheka, naye anasema kesho. Nami sikumwachia hata siku moja. "Vyoo vya wazungu ulibeba kichwani huoni haya, majani ya shemeji yako ndiyo yatakuvunja shingo?" Hapo ndipo watu wa Dar walipojua habari za choo.

Mimi si mtu wa kujuta hovyo, lakini kuna maneno ambayo leo ningeyameza.

Sauti ilianza kumkwaruza mwaka mmoja wakati wa kuvuna kahawa. Akasema ni kazi. Akala asali, akatafuna tangawizi, akafunga shingo kwa kitambaa. Mimi nikasema afadhali, ng'ombe atapumzika. Miezi ikapita. Akarekodi kipindi kipya cha ile familia, sehemu ya kwanza, na ukikisikiliza leo unasikia jinsi anavyokohoa kati ya maneno akijifanya ni Bwana Temu. Katika kipindi hicho mwezi unakaribia kupasuka. Wote wanatakiwa kuhamia nyota ya mbali sana, na chombo cha kusafiria kina viti vitano. Wao na Bibi wa Chuma ni sita. Kinaishia bibi amesimama mlangoni na magurudumu yake, anawahesabu. Ikaandikwa itaendelea.

"Watamwacha?" Mama Leonia akauliza.

"Utasikia Jumapili ijayo, Mae."

Jumapili ijayo Sirili alikuwa kitandani hospitalini mjini. Kansa ya koo, na ilikuwa imeshatembea. Wakamtoboa tundu hapa mbele ya shingo apate kupumua. Pumzi ikapita pale, ikitoa mluzi mdogo, na sauti ikabaki ndani bila njia. Mtu aliyejaza nyumba za watu kwa maneno akatoka hospitali na daftari la shule na kalamu.

Jambo la kwanza aliloniandikia lilikuwa: Mae asijue.

Nikamwambia utaishi naye nyumba moja asijue, yeye ni kipofu, si jiwe. Akaandika: Nitakaa kwako. Mwambie nimekwenda Dar kurekodi.

Basi nikadanganya. Nimewahi kudanganya watu kwenye maisha yangu, wateja hasa, lakini kumdanganya mama kipofu ni kazi nyingine. Nilimpelekea mtori asubuhi na kiburu cha ndizi na maharage jioni, na kila mara aliuliza, Sirili amepiga? Nasema amepiga, anakusalimu sana. Anasema, mbona hapigi hapa? Nasema mtandao, Mama. Huku mwenyewe yuko hatua arobaini, kwenye chumba cha mwanangu Given aliyeko chuo, anakunywa uji kwa mrija. Wiki tisa tulikwenda hivyo.

Kisha Mama Leonia akaacha kuuliza simu. Akauliza lingine.

"Mama Given, lile jambo la viti vitano. Sirili aliniahidi. Mimi ni mtu wa kuondoka wakati wowote. Nataka kujua kama walimwacha."

Nilirudi nikamwambia Sirili. Alikaa kimya, nasema kimya kana kwamba alikuwa na namna nyingine. Kisha akavuta laptop yake, akafungua ile sehemu ya pili aliyokuwa hajaigusa. Tukaiangalia wawili, mchana, mlango umefungwa. Mimi katuni sikuwa na habari nazo. Lakini nilikaa mpaka mwisho na nikaona. Waliingia watano. Mlango wa chombo ukafungwa. Bibi wa Chuma akabaki pale mwezini, mkono mmoja juu, chombo kikaondoka kikawa nukta.

"Tutamwambia alipanda," nikasema. "Mama haoni. Tutasema mtoto mdogo alikaa mapajani, kiti kikapatikana. Si wewe hutunga kila siku?"

Akatikisa kichwa.

"Sirili, mama yako ana miaka themanini na mbili. Unataka nikamwambie bibi aliachwa?"

Akachukua kalamu. Aliandika neno moja, herufi kubwa, akanigeuzia daftari.

AZOEE.

Nilitoka nje nikasimama na ng'ombe. Madamu alinipumulia mkononi. Nilikaa huko mpaka uso ukawa wa kurudi nao ndani.

Jumapili baada ya misa tulikwenda. Nilitangulia mimi na laptop, yeye akanifuata peku, kitambaa shingoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Tulikuwa tumekubaliana: yeye aongoze kwa mikono, mimi niseme.

"Shikamoo Mama. Sirili ametuma ile sehemu ya pili. Ila sauti haikuja, kuna hitilafu. Nitakusimulia mimi."

"Marahaba. Wewe?" akasema. "Haya. Jitahidi."

Nikaanza. Nilikuwa mbovu sana. Nikisema Bwana Temu anafunga mizigo, mama anauliza, mizigo gani? Namtazama Sirili, anaonyesha kwa mikono, nasema sufuria. "Sirili angesema sufuria na kinu," anasema mama, "Temu hawezi kuacha kinu." Nikisema watoto wanalia anasema, "Wanalia au wanadeka? Wale wanadeka." Mara mbili nilimwona Sirili mabega yanamtikisika kwa kicheko, mluzi unatoka shingoni fyuu, fyuu, nami nakohoa kwa nguvu kuuficha.

Tukafika mlangoni mwa chombo. Sirili akanyoosha vidole vitano. Akavifunga kimoja kimoja, taratibu, mpaka vikawa ngumi.

"Wameingia," nikasema. "Baba, mama, watoto watatu."

"Na yeye?"

Nikamtazama Sirili. Hakuyaondoa macho.

"Amebaki, Mama. Viti vimejaa. Mlango umefungwa."

Vidole vya Mama Leonia vilisimama kwenye maharage. "Wamemwacha."

"Hawakutaka. Imetokea hivyo."

"Yeye amesema nini?"

Kwenye picha mdomo wake ulikuwa wazi, lakini nani ajuaye alisema nini. Sirili alikuwa ameinua mkono wake kama yule bibi. Kisha akaninyooshea mimi kidole. Akagusa koo lake, akaninyooshea tena. Nikaelewa anataka nini, na nikatamani nisielewe.

Nikasema. Ila haikutoka kama ya bandani.

"Simama," nikasema. "Simama nimesema. Unakwenda wapi na mimi sijamaliza na wewe."

Hakuna aliyecheka. Jikoni kuni zikalia. Chombo kikawa nukta, na majina ya wote walioitengeneza yakapita kwenye kioo, marefu, hayaishi.

Mama Leonia akaweka ungo chini.

"Sasa mwambie huyo aliyekaa mlangoni asogee ndani. Baridi inampiga."

Nikamgeukia Sirili, naye ameshanigeukia.

"Mnadhani nimepofuka masikio?" akasema. "Tangu wiki ya kwanza namsikia akipita kwenye migomba. Anapiga mluzi kama birika. Nikasema kama hataki nijue, nisijue. Njoo hapa, Sirili."

Akaenda, akapiga magoti, lile goti bovu likalia. Mama akampapasa uso, mashavu yalivyoingia ndani, akashuka mpaka kwenye kitambaa, akakifungua, akaweka kidole karibu na lile tundu bila kuligusa, akasikiliza pumzi ikimgonga kidoleni.

"Inakuwa lini?" akaniuliza mimi.

"Hawajui, Mama. Si mbali."

Akatikisa kichwa kidogo. Akamfunga kitambaa tena, vizuri kuliko nilivyokuwa nikimfunga mimi. Jioni hiyo Sirili alihamia kwake na daftari lake, na sikulala vibaya kwa mara ya kwanza baada ya wiki tisa.

Siku tatu baadaye, saa sita mchana, jua kali, niko uani natwanga. Nikasikia kelele za watu njiani upande wa dukani, kisha kelele zikakatika ghafla kama redio iliyozimwa. Nikasikia majani yanakwaruza migomba, halafu ule mluzi. Fyuu, fyuu, halafu kimya, halafu tena.

Alikuja na mzigo kichwani. Mikono miwili imeushika, shingo imekakamaa na kitambaa chake, miguu inatafuta ardhi. Alikuwa amepita mbele ya duka. Alikuwa amepita mbele ya wale wa mbege, na nilikuja kuambiwa baadaye kwamba wote walisimama na mmoja akavua kofia. Hakuweza kupiga hodi. Akasimama tu pale mlangoni mwa banda.

Nikakimbia nikamtua. Ulikuwa mwepesi kama mtoto mchanga. Haukufika hata nusu ya mzigo, na nusu ya hiyo nusu ni magugu ambayo ng'ombe hali. Siku nyingine ningeurusha njiani nimfuate na maneno mpaka kwake. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, anatafuta pumzi, lakini macho ameyainua kwangu, anangoja niseme.

Kabla sijasema, sauti ikatoka kule juu, kupita kwenye migomba.

"Mama Given! Ni nani amepita na majani?"

"Ni Sirili, Mama! Amelipa!"

"Ni mzigo mzima?"

Nikayatazama yale majani. Madamu alikuwa ameshatoa shingo nje ya banda, anachagua yanayolika.

"Mzima, Mama," nikasema. "Mzima kabisa."